Karamu Iliyouza Mlango wa Kirumbi

Niwape nisiwape?

Tupe!

Haya basi, kaeni. Ilikuwa zamani ambayo bibi yangu aliisikia kwa bibi yake, na huyo bibi yake naye alisema, “Mimi sikuwapo, niliambiwa.” Zamani hiyo.

“Ng'ombe sitini!” alipiga kelele Mwana Somoe katikati ya uwanja, jua likiwa utosini. “Sitini, shemeji! Si hamsini na tisa, si sitini kasoro mkia. Sitini mliwala, na mifupa mkaifyonza. Siku ya Mwaka inakuja. Wako wapi?”

“Punguza sauti, shemeji,” alisema Mwinyi Chande. “Watu wanasikia.”

“Wasikie! Walikula bila kuficha midomo, leo wafiche masikio?”

Ninyi endeleeni kusuka ukili. Mikono isuke, masikio yanisikilize. Wewe wa mwisho huko, ukili wako umepinda kama njia ya mlevi, fumua uanze upya. Nataka mjue ugomvi huu ulikuwa wa nini, na huwezi kuujua ugomvi wa Kirumbi kama hukijui kisiwa chenyewe.

Kisiwa ni hiki hiki mlichokalia. Ukianza kukizunguka kwa miguu maji yanapokupwa, unarudi ulipoanzia kabla hayajajaa. Umbo lake ni la kata ya kuchotea maji: kichwa cha mviringo kusini, mpini mwembamba kaskazini. Upande wa mashariki kuna mwamba, na mawimbi yanapasukia hapo kutwa kucha; chombo kikijaribu kupita nje yake wakati wa kusi, mbao zake tunaziokota sisi. Upande wa magharibi ni bara, na bara yenyewe ni tope na mikoko. Chimba utakavyochimba, utakunywa chumvi. Kati ya kisiwa na bara kuna mkono wa bahari, na ndani ya mkono huo kuna mkondo mmoja tu wenye kina, nao umepindapinda kama utumbo wa mbuzi. Huo ndio Mlango.

Sasa tazameni nje ya kisiwa. Kusini kulikuwa na Mandaro, mji mkubwa, una sultani, una askari. Kaskazini kulikuwa na Tikwa, mji mkubwa, una sultani, una askari. Mandaro walitaka pembe na ngozi za Tikwa. Tikwa walitaka nguo na mtama wa Mandaro. Na hakuna aliyefika kwa mwenzake bila kupita Mlango wetu na kunywa visima vyetu. Kusini Mandaro, kaskazini Tikwa, katikati Kirumbi. Semeni!

Kusini Mandaro, kaskazini Tikwa, katikati Kirumbi!

Naam. Mdogo akikaa katikati ya wakubwa wawili, ama atakula kwa wote wawili, ama ataliwa na mmoja wao. Wazee wetu walikula kwa wote wawili. Sheria yao ilikuwa fupi: chombo cha kigeni kikiingia Mlango, kifunge kamba, kichote maji, kilipe, kiondoke kabla maji hayajapwa na kujaa tena. Kiwe cha sultani au cha mchuuzi wa vitunguu. Kilipe, kiondoke. Na atakayetaka kukaa zaidi, mitaa yote miwili ikae barazani ikubali.

Mitaa miwili, ndiyo, kama ilivyo leo. Visimani, huku kwenye kichwa cha kata, wao walikuwa na visima. Mlangoni, kule kwenye mpini, wao walikuwa marubani, watu wa kuongoza vyombo kwenye mkondo. Walioana, walizikana, na walishindana. Walishindana kwa ngoma, walishindana kwa vilemba, na zaidi ya yote walishindana kwa karamu. Mtaa mmoja ukiulisha mwingine, uliolishwa umeingia deni: kabla ya siku ya Mwaka, mwaka mpya unapoanza, urudishe karamu ile ile na kitu juu yake, hata kama kitu chenyewe ni ng'ombe mmoja mwenye pembe moja.

Na hapa ndipo kisa kilipofungwa, kwa hiyo asikohoe mtu. Mtaa wenye deni la karamu haukuwa na kauli. Barazani unakaa, unasikiliza, hausemi. Hata kama nyoka amepanda mguu wa imamu, husemi. Na Mwaka ukiingia hamjalipa, wanaume wenu watapita mtaa wa wenzao vichwa wazi, viatu mkononi, mpaka mlipe.

Visimani, mkuu wao akiwa Mwana Somoe, walichinja ng'ombe sitini. Mlangoni, mkuu wao akiwa Mwinyi Chande, walikula. Na Mwinyi Chande alikuwa amemwoa Mwana Tima, mdogo wake Mwana Somoe. Ndiyo maana ya shemeji, shemeji.

“Utalipwa,” alisema Mwinyi Chande pale uwanjani.

“Kwa ng'ombe gani? Zizi lako nimelichungulia. Nimemwona mbuzi mmoja, naye anakohoa.”

Visimani walicheka. Walicheka wanaume, walicheka wanawake, walicheka mpaka wachungaji waliokuwa hawajui kinachochekwa. Mwinyi Chande alishika kilemba chake kana kwamba upepo umetaka kukichukua, akageuka, akaenda zake bila neno. Hana kauli, aseme nini?

Na kweli hakuwa na ng'ombe. Mwaka ule vyombo vya Mandaro viliacha kupita. Hakuna aliyejua kwa nini. Chombo kisipopita, rubani halipwi. Rubani asipolipwa, hanunui ng'ombe. Akatuma watu bara kukopa kwa wafugaji. Wakarudi mikono mitupu. Wafugaji wamesema ng'ombe wote wameshanunuliwa na mtu mmoja, kwa bei ambayo hawajawahi kuiona.

Basi mtu huyo mmoja akaja mwenyewe. Jina lake Amiri Badawi, mkuu wa askari wa Mandaro. Alikuja kwa mashua ndogo, amevaa kanzu safi, hana hata fimbo. Alisalimia watoto. Alimsaidia kikongwe mmoja kutua mzigo. Mwogopeni, wajukuu zangu, mtu mpole aliyewaacha askari wake mbali kidogo.

“Mwinyi,” alisema, walipokwisha kukaa sebuleni, “nasikia una shida ya ng'ombe.”

“Nani amekwambia?”

“Kisiwa chenu kidogo, na shemeji yako ana sauti kubwa.” Akacheka kidogo. “Mimi ninao mia moja, wanakula majani tu. Wachukue.”

“Kwa bei gani?”

“Bei? Vyombo vyangu kumi vifunge kamba Mlangoni mpaka kusi ipite. Basi. Kamba tu, Mwinyi. Sikuombi nyumba, sikuombi kisima.”

Mwinyi Chande hakuwa mjinga. Mtu anayejua mchanga wa chini ya maji hawezi kuwa mjinga. Alijua sheria. Alijua jambo hilo ni la mitaa miwili. Lakini angekwenda kuliuliza barazani kwa kinywa gani? Ana deni, hana kauli. Ili apate kauli alipe, na ili alipe akubali kitu ambacho alihitaji kauli kwanza ili akikubali. Mnaona alivyozungukwa? Yule Amiri alikuwa ameijua mila yetu kuliko sisi wenyewe.

Mwana Tima alikuwa nyuma ya pazia. Mgeni alipotoka, aliingia na sinia mkononi.

“Baba Shaibu, kumi hao watafunga kamba. Nani atazifungua?”

“Watafungua wenyewe, kusi ikiisha.”

“Na wasipofungua?”

“Mke wangu, dada yako amesema nina mbuzi anayekohoa.”

“Si kweli anakohoa?”

“Anakohoa! Lakini si wa kusemwa mbele ya mji!” Akapiga meza, vikombe vikaruka. “Nitachinja mia. Nitachinja mia, nimwone akiwahesabu.”

Basi akachinja mia. Moshi ulitanda mpaka Tikwa wakadhani Kirumbi kinaungua. Visimani walikuja, wakakaa kwenye mikeka, wakala. Wangefanya nini? Kukataa karamu ni kukiri umeshindwa, kula karamu ni kuingia deni. Walikula.

Mwana Somoe alinawa mikono, akamwendea Mwinyi Chande.

“Shemeji, nyama tamu. Umeitoa wapi?”

“Ng'ombe haulizwi ukoo, shemeji. Hakuja kuposa.”

“Mmoja haulizwi. Mia wanaulizwa.”

“Umeshiba?”

“Nimeshiba.”

“Basi nyamaza. Deni ni mia na mmoja, na kauli huna.”

Mlangoni wakapiga vigelegele. Mwana Somoe akafunga mdomo. Ndiyo mila.

Likaja bamvua, yale maji makubwa yanayojaa mpaka mizizi ya mikoko isionekane, na pamoja nayo vikaja vyombo kumi vya Mandaro. Mitepe mikubwa, imeshonwa kwa kamba, matanga ya mikeka. Marubani wa Mwinyi Chande waliiongoza kuingia, mmoja mmoja, na hawakudai ujira, kwa kuwa mkuu wao alisema wageni hao ni wa heshima. Ikafunga kamba. Na ndani yake, badala ya mtama, mlikuwa na watu. Watu wenye mikuki.

Mara ya kwanza chombo cha Tikwa kilipotaka kupita, Amiri alikirudisha. Hakupiga mtu. Alisema tu, “Rudi ukamwambie sultani wako kwamba Mlango huu sasa una bawabu.” Mnajua maana yake? Maana yake ni kwamba Tikwa lazima waje kupigana, na watakapokuja watapigania wapi? Mandaro? La! Hapa. Juu ya paa zetu, juu ya makaburi yetu. Mtama hautwangwi kwenye mchi wala kwenye kinu, hutwangwa katikati.

Kisha askari wakaanza kusimama visimani. Wawili, halafu sita, halafu sijui wangapi. Wanawake wakienda kuteka, wanaambiwa wangoje, askari kwanza.

Mwana Somoe aliwaita wazee wa mtaa wake. “Nakwenda barazani kusema.”

“Mwana, tuna deni.”

“Watu wenye mikuki wamesimama kwenye visima vya mama zetu!”

“Wamesimama, Mwana. Lakini tuna deni la mia na mmoja.”

“Nyumba inaungua!”

“Inaungua, na mila ni mila.”

Msicheke! Nani amecheka? Ninyi jana hamkusemeshana kutwa nzima kwa ajili ya kishada kilichopasuka, leo mnawacheka wazee? Hivyo ndivyo mji ulivyokuwa unaondoka mikononi. Mtaa mmoja una macho, hauna kauli. Mtaa wa pili una kauli, lakini tumbo lake limejaa ng'ombe wa Amiri, na mwenye kushiba chako hakutazami usoni.

Amiri Badawi aliita baraza. Fikirini, mgeni anaita baraza letu! Mji wote ukaja uwanjani, asubuhi, na askari wakasimama pembeni. Mlangoni walikaa upande wao, Visimani upande wao. Amiri akasimama katikati.

“Mimi ni mtu wa kufuata mila za watu,” alisema. “Nambieni, hapa mwenye kauli ni nani?”

Mwinyi Chande akasema, “Mimi.”

“Na Visimani?”

“Wana deni. Hawana kauli.”

“Vizuri. Basi nakuuliza wewe mwenye kauli, mbele ya mji wako, na utakalosema ndilo litakalokuwa. Watu wangu wana kiu. Kuanzia leo, visima vya Kirumbi ni vya nani?”

Mwana Somoe alikuwa ameuma ncha ya shuka yake mpaka imelowa. Angeweza kupiga kelele. Hakupiga. Alimtazama shemeji yake tu.

Amiri akasogea karibu. “Neno moja, Mwinyi. ‘Vyako.’ Umekula ng'ombe wangu mia, nakuomba neno moja.”

Ndipo Mwana Tima, kule alikokaa na wanawake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba kijiko, “Baba Shaibu, waambie ng'ombe walikotoka.”

Mwinyi Chande alisimama. Akapeleka mikono kichwani. Watu walidhani anarekebisha kilemba. Alikifungua. Mzunguko mmoja, mzunguko wa pili, mpaka kikaisha, na kichwa chake, ambacho hata watoto wake hawakuwahi kukiona mchana, kikang'aa juani, na mvi chache. Akavua viatu, akavishika mkononi.

“Wale ng'ombe hawakuwa wetu,” alisema. “Niliwachukua kwa huyu bwana, nikampa kamba za Mlango bila kuwauliza wenzangu. Karamu ya ng'ombe wa mtu mwingine si karamu. Visimani hawana deni. Deni la sitini liko pale pale, na mwenye deni ni Mlangoni. Mimi sina kauli. Muulize shemeji yangu.”

Akakaa chini.

Watu wa Mlangoni waliguna kama waliopigwa ngumi ya tumbo. Rubani mmoja alitaka kumzuia, akaona haya. Mwingine akavua kilemba chake. Halafu wa pili. Halafu wote, vichwa wazi upande mzima, kama bakuli zilizooshwa zikaanikwa.

Amiri hakutabasamu tena. Akamgeukia Mwana Somoe. Mwana Somoe alikwisha kusimama.

“Nina kauli?” aliuliza.

“Unayo!” mji ukajibu.

“Visima ni vyetu,” alimwambia Amiri. “Hatukupi.”

“Basi nitavichukua.”

“Chukua.”

Amiri alitarajia vilio, alitarajia mapatano. Akaenda kuvichukua. Aliweka askari kila kisima, mikuki mkononi, na akawaruhusu wanawake wa mji wateke yakibaki. Alijiona mwema.

Wanawake wakaenda kuteka. Walikwenda kwa mistari, Visimani na Mlangoni pamoja, mitungi kichwani, wakiimba nyimbo za arusi. Askari wakawatazama shingo, wakawatazama miguu. Hakuna aliyejiuliza jambo moja dogo: mwanamke anayekwenda kisimani mtungi wake huwa mtupu. Kwa nini hawa walikuwa wanatembea kama wenye mizigo? Mitungi ilikwenda imejaa bahari, ikarudi imejaa maji matamu. Walikwenda, wakarudi. Bahari ndani, tamu nje. Wakajaza birika la msikiti, wakajaza mapipa, wakajaza hata mitumbwi. Na walipoishiwa vyombo vya kujazia, wakamimina chumvi yenyewe, magunia kwa magunia, imefichwa mitungini, ile waliyokuwa wameivuna ili kuiuza Tikwa.

Mnadhani ilikuwa rahisi? Visima vile vilichimbwa na watu waliokwisha kusahauliwa majina. Mwana Somoe alimimina mtungi wa kwanza yeye mwenyewe, na waliokuwa naye walisema aliumimina kama alivyomimina maji juu ya kaburi la mumewe.

Askari walipokunywa, walitema. Wakajaribu kisima cha pili, wakatema. Amiri akaja mbio hadi mlango wa Mwana Somoe.

“Mmetia sumu!”

“Si sumu. Ni bahari. Si ndiyo uliyoifuata?”

“Nitauchoma mji huu.”

“Choma. Halafu nani atakutoa?”

Hapo Amiri akatazama maji. Bamvua lilikwisha kupita. Yalikuwa maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana, na mchanga ulikuwa umejitokeza mahali ambapo vyombo vyake vilipita kwa raha vikiingia. Mbele yake utumbo wa mbuzi, nyuma yake tope la mikoko, na watu wake midomo imepasuka kwa kiu. Kisiwa alichokuwa amekishika kilikuwa kimemshika.

“Nipe marubani,” alisema. Hakusema tena kwa upole.

“Nitakupa,” akajibu Mwana Somoe.

Mwinyi Chande alimfuata shemeji yake nyuma ya nyumba, kichwa wazi.

“Shemeji, sina kauli, lakini nina ombi. Pale kwenye kona ya mwisho kuna ule mwamba, Jino la Fisi. Niruhusu. Niwapandishe wote kumi juu yake. Wasirudi tena duniani.”

“Hapana.”

“Wametudhalilisha!”

“Wewe ulijidhalilisha, wao walikushikia taa. Nisikilize, Chande. Tikwa wanapita hapa kwa sababu gani? Hawana ubavu wa kutupiga? Wanao. Wanatulipa kwa kuwa rubani wa Kirumbi akisema ‘pita hapa’, watu wanalala usingizi chomboni. Zamisha kimoja kwa makusudi, kesho nani atakupa usukani? Tutabaki na mchanga na mwamba. Watoe. Wazima.”

“Hata yeye?”

“Hasa yeye.”

Kwa hiyo wakapanda, marubani kumi, vichwa wazi. Mwinyi Chande alipanda chombo cha Amiri, akasimama mbele kabisa na mpondo mrefu mkononi, akipima kina. Amiri alisimama nyuma yake, jambia limetoka alani, ncha yake imegusa mgongo.

“Ukinipandisha mwamba, utakufa wa kwanza.”

“Simama vizuri, bwana. Chombo kikiyumba utanichoma bure.”

Kushoto kidogo. Kulia. Kulia tena. Mpondo unagusa, unanyanyuka. Maji yakageuka rangi, kijani yakawa ya kahawia. Mji wote umesimama ufukoni. Mwana Tima amekaa chini mchangani. Mpondo unagusa. Mchanga. Mpondo unagusa. Mchanga. Na mbele pale, nusu nje nusu ndani, jeusi, lina povu: Jino la Fisi.

“Elekea mwamba,” akasema Mwinyi Chande.

Mshika usukani alidhani amesikia vibaya. “Wapi?”

“Mwamba! Elekea mwamba!”

Jambia likapasua kanzu. Damu ikateremka, mstari mmoja mwembamba. “Nilijua,” Amiri akasema. “Nilijua wewe.”

“Mkondo unapita ubavuni mwake. Pengine pote ni mchanga. Ukikwama, hivyo tisa vinakuja juu ya mgongo wako, na maji mpaka bamvua huna.”

“Unanidanganya.”

“Nilikudanganya lini? Nilijidanganya mwenyewe, wewe sikukudanganya. Bwana, tunabebwa. Amua.”

Mwamba unakuja. Askari mmoja ameanza kutoa shahada. Mwamba unakuja, unaona chaza walioshika juu yake, unaona kaa anakimbia. Amiri Badawi, mtu aliyenunua ng'ombe wa bara nzima ili watu wamtegemee yeye, alimtazama mshika usukani, akameza mate ambayo hakuwa nayo, akasema:

“Fuata asemavyo.”

Chombo kikageuka kuuelekea mwamba.

Nangoja. Mkimaliza kunikodolea macho nitaendelea. La, kwanza nawapa fundisho langu hapa hapa, kwa sababu nikimaliza mtakimbia nyote kama kuku walioona mlango wazi. Fundisho ni hili: usikope kwa wa mbali ili umtambie wa karibu. Jirani akikudai na huna, mwambie sina. “Sina” ni neno gumu, linakwaruza koo, lakini halijauza mji wa mtu. Mwinyi Chande angelisema siku ile uwanjani, angechekwa mpaka machweo, basi. Kwa kutolisema, visima vyetu vilikaa na chumvi masika baada ya masika, watu wakanywa mvua, wakagombea matone. Na Mlangoni walipita mtaa wa Visimani vichwa wazi kwa muda mrefu mno, mpaka ng'ombe wa sitini na mmoja alipochinjwa, wote wa jasho lao. Siku hiyo Mwana Somoe alimfunga shemeji yake kilemba kwa mkono wake, na akakikaza makusudi, akasema, “Kisikutoke tena.”

Mlionisikia mmenisikia. Nilipewa kisa kizima na nimekitoa kizima, mwenye kukikata asiseme alikikuta kwangu kimekatika.

Na chombo, bibi?

Chombo kilipita. Kilipita karibu na Jino la Fisi hata askari mmoja angeweza kubandua chaza kwa mkono. Ubao haukukwaruzwa. Nyuma yake cha pili, nyuma yake cha tatu, mpaka vyote kumi vikatoka kwenye bahari pana, maji ya buluu chini yake. Amiri Badawi akarudisha jambia alani. Alikuwa ametokwa jasho kama aliyetoka kisimani.

“Ungeweza kuniua,” alisema.

“Ningeweza.”

“Na ng'ombe wangu mia?”

“Ulinipa ng'ombe ili ufunge kamba. Ulifunga. Kamba umeifungua mwenyewe.”

Amiri akatikisa kichwa, akaanza kuwaita watu wake watweke tanga. Mwinyi Chande hakushuka. Mtumbwi wa kumrudisha nyumbani ulikuwa ubavuni, unangoja, naye amesimama pale pale, kichwa wazi, damu mgongoni, ametandaza kiganja.

“Kuna nini tena?” Amiri akauliza.

“Ujira wa rubani ni jora moja la nguo kwa kila chombo. Vyombo vyako kumi. Majora kumi ya kuingia, majora kumi ya kutoka. Lipa.”